Udongo Mzuri Kuliko Wote Niliowahi Kuupitisha

Siku waliyoniaga kazini walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana tena pa kuchelewa. Kisha vijana wa maabara ya kupima udongo wa ujenzi wakaniomba niwaandikie yale niliyoyaona. Nimekubali kwa sharti moja: habari za vyeo msinitafutie. Vyeo waulizeni wenye vyeo. Mimi nilikuwa na udongo.

Kwa wale mlioajiriwa juzi, naitwa Mwamini, ingawa hapa Kigali wengi wananijua kwa jina la Mama Bumba, kwa kuwa ibumba ndilo jina la udongo wa mfinyanzi kwa Kinyarwanda. Nimezaliwa Kimisagara, baba yangu akiwa fundi cherehani. Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa, akasahau kurudi. Ndiyo maana nyumbani tuliongea Kiswahili, na ndiyo maana kila dereva wa lori kutoka Dar es Salaam aliyemwaga kifusi mahali pasipostahili aliletwa kwangu nimgombeze kwa lugha yake.

Maabara walinichukua kwa ajili ya mwandiko wangu, elimu yangu haikuwatia hofu. Mpimaji mkuu, Mzee Bonifasi, aliandika tarakimu ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma, yeye mwenyewe akiwemo. Alikuwa mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na vidole vilivyojua unyevu wa udongo kabla ya mizani kuujua. Siku ya kwanza alinipa bonge la mfinyanzi mwekundu, akaniambia kwa uso mkavu kabisa:

"Weka sikio hapa. Udongo inasema. Ukisikia kintu, andika."

Nikaweka sikio. Nilikaa hivyo, kalamu mkononi, hadi nilipoinua kichwa na kuwakuta wapimaji wote wamejipanga mlangoni wakijiziba midomo. Mzee Bonifasi alinifuta udongo sikioni kwa leso yake mwenyewe. "Sasa uko mufanyakazi," akasema. Niliapa kulipiza, na katika miaka iliyofuata nililipiza kwa wengi wasio na hatia. Kama umewahi kutumwa stoo kuleta ndoo ya unyevu mkavu, pole, nilikuwa mimi.

Baada ya kicheko alinifundisha kazi. Unachukua udongo, unautia kwenye kopo nene la chuma kwa tabaka tatu, na kila tabaka unalipiga kwa nyundo inayodondoka kutoka kimo kilekile, mapigo yaleyale. Unapima uzito. Unaongeza maji kidogo, unarudia. Unaongeza tena, unarudia. Mwisho unachora matokeo kwenye karatasi na kinachojitokeza ni kilima: upande wa kushoto udongo mkavu, upande wa kulia udongo wa maji mengi, na kileleni pale ambapo udongo umekubali kushikamana kuliko mahali pengine popote. Mtu wa Kigali hahitaji kufundishwa vilima. Kazi ni kukumbuka uko upande gani wa kilima.

"Udongo kavu haisikii nyundo," Mzee alinieleza. "Chembe zinagomba. Ukiipa maji kidogo, zinateleza, zinakaa karibu-karibu. Ukizidisha, maji ndiyo inachukua kiti. Na maji hauwezi kuishindilia, Mwamini. Piga mpaka kesho."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonikutanisha na Mhandisi Faustin.

Faustin alikuwa amekulia Kampala na kusomea mbali zaidi. Alikuja kwetu akiwa kijana, shati jeupe, tai ya buluu, na imani moja kubwa: kwamba udongo ukishindiliwa vizuri ni nguvu, basi ukishindiliwa zaidi ni nguvu zaidi. Tulikuwa tunajenga tuta la barabara ya mtaa upande wa Kibagabaga. Dereva wa rola alikuwa Karoli, mtu mpole aliyelipenda lile rola lake lenye meno kuliko watu wengi wanavyopenda jamaa zao. Kwa ulimi wake wa Kinyarwanda alilitaja "lola", na asubuhi ungemsikia akiripoti kwa sauti ya huzuni, "Mama, Lola amekataa kuamka." Wageni walimpa pole ya mke.

Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha, na mfinyanzi ulikuwa umekunywa. Nilifika nikamkuta Karoli amesimamisha mashine.

"Mama Bumba, hii udongo iko inacheza," akasema. "Lola akipita hapa, kule inainuka. Kama matela, kama godoro."

Alisema kweli. Ulikanyaga hapa, ardhi ikapumua hatua tatu mbele. Faustin akaja mbio.

"Kwa nini umesimama? Pita tena! Pita mara kumi!"

"Mhandisi," nikasema, "kila akipita unazidi kulegea."

"Haiwezekani. Kushindilia hakuwezi kupunguza nguvu."

Sikubishana naye. Nilichota ndoo moja ya udongo uleule, nikamwambia tukutane maabara kesho yake asubuhi, na atakayeshindwa abebe magunia ya sampuli kutoka uani hadi ghorofani kwa wiki nzima. Alicheka, akakubali. Mzee Bonifasi alipewa uamuzi, kwa sababu alikuwa ameshajikalisha kwenye kiti cha mbele kabla hatujamwalika.

Nilitengeneza vipande viwili vya duara kutoka ndoo ileile, unyevu uleule. Cha kwanza nilikipiga mapigo ya kawaida. Cha pili nilimpa Faustin nyundo, nikamwambia apige mpaka roho yake itulie. Alipiga hadi tai ikageuka mgongoni. Kipande chake kilitoka kizuri, laini, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Changu kilikuwa na sura ya mtu aliyelala vibaya.

Tukaviweka kwenye mashine ya kukandamiza, kimoja baada ya kingine. Changu kilivumilia, kikavumilia, ndipo kikapasuka ubavu. Cha Faustin hakikupasuka. Kilitanuka kiunoni taratibu, kikashuka, kikakaa chini kama mama mkwe aliyefika ugenini. Sindano ya kipimo haikupanda hata nusu ya pale ilipofika kwa kipande changu.

Faustin akaisogelea sindano. "Mashine imeharibika," akasema.

"Mashine iko muzima," alijibu Mzee Bonifasi. "Udongo hii imejaa maji. Hewa iliisha zamani. Kila pigo uliongeza, uliikoroga tu, ukalaza chembe zote upande mumoja, zikakuwa zinateleza kama karata. Sasa, magunia iko kule."

Alibeba. Nitamsifu kwa hilo: alibeba wiki nzima, na tai shingoni, na siku ya tatu akaanza kuuliza maswali ya maana. Lile tuta tuliliacha likauke, tukaulegeza udongo, tukashindilia upya, likakubali. Tangu siku hiyo Faustin alibadilika kabisa. Na hapo ndipo ilipoanza shida yangu, kwa sababu mimi na yeye tulianza kuogopa maji kama paka. Kila kazi tuliuliza kwanza: ni mkavu? Ukiwa mkavu tulitabasamu. Tuliukimbia upande mmoja wa kilima hadi tukadondokea upande wa pili.

Miaka kadhaa baadaye Mzee Bonifasi alikuwa amestaafu na mimi ndiye niliyetia saini. Tulipewa kazi ya kupima kifusi cha jengo la chekechea, darasa moja refu kwenye mteremko, ambako udongo ulikatwa juu ukajazwa chini ili kupata mahali tambarare. Ilikuwa kiangazi. Boza la maji liliharibika siku ya pili, na hakuna aliyelililia. Karoli alishindilia mfinyanzi mkavu kwa rola zito, na kwa kuwa alikuwa mtu wa bidii ulishikamana, ukawa mgumu ajabu. Nilichukua sampuli, nikaiweka mashineni, na sindano ikapanda nikabaki naitazama kama mtu anayetazama mtoto wake akipokea cheti. Udongo ule uligongwa ukalia kama chungu. Ulikuwa udongo mzuri kuliko wote niliowahi kuupitisha.

Kipimo kimoja sikukifanya. Mzee Bonifasi alikuwa akisema kila wiki, "Ipe maji ya kunywa, ndiyo utaijua." Maana yake uiloweke sampuli siku nne ndani ya maji, ndipo uipime. Sikuiloweka. Jua lilikuwa linawaka, sampuli ilikuwa nzuri, na niliona ni kama kumwagia maji bibi harusi. Nikatia saini. Jengo likajengwa, sakafu ikamwagwa, watoto wakaingia na mabegi makubwa kuliko wao.

Masika yakaja.

Mwalimu mkuu wa pale, Mwalimu Imakulata, alinipigia simu mwenyewe. Ni mama mrefu, mwenye sauti ya chini inayowafanya hata watu wazima waangalie kama wamefunga vifungo vyote.

"Mama Bumba, mlango wa darasa haufunguki," akasema. "Watoto wanaingilia dirishani. Wanafurahi sana. Mimi sifurahi."

Nilienda na Faustin. Sakafu ilikuwa imeinuka katikati kama mkate, na mlango ulikuwa umekwama kwenye mgongo wake. Ufa mmoja ulitembea kutoka kona hadi kona. Nje, mfereji wa paa ulikuwa umevunjika, na maji yote ya bati yalikuwa yakimwagika kwenye ukuta wa chini, yakiingia moja kwa moja kwenye kifusi. Faustin aliuona mfereji kabla yangu, na macho yake yakapata matumaini.

Alinivuta pembeni. "Mama, mfereji," akanong'ona. "Angalia. Hakuna atakayeuliza zaidi. Tunaandika mfereji, wanautengeneza, wanaziba ufa, basi."

Nilichokoa udongo kidogo chini ya ukuta kwa ufunguo wangu wa nyumba. Ule uliolia kama chungu sasa niliukanda kwa vidole viwili. Nikajua. Mfinyanzi ulioshindiliwa mkavu unakuwa mgumu, lakini chembe zake zimesimama ovyo zikiwa na nafasi katikati, na zina kiu. Maji yanapata njia, yanaingia haraka, zinavimba, na nguvu yote uliyoipima kiangazi inaondoka bila kuaga. Hata bila mfereji kuvunjika, unyevu wa mvua mbili tatu ungetosha. Tungeziba ufa, na masika mengine sakafu ingeinuka tena, safari hii pengine na ukuta juu yake, na watoto ndani.

Lakini sikusema. Nataka mlielewe hilo. Nilisema, "Ngoja nifikirie," nikapanda pikipiki hadi Kimisagara kwa Mzee Bonifasi, nikitumaini kwamba mtu niliyemheshimu kuliko wote ataniambia kosa ni la mfereji.

Nilimkuta barazani anamenya viazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alianza kucheka, akacheka hadi kisu kikamdondoka, na mimi nikaanza kulia, na tulikaa hivyo kwa muda, mmoja anacheka, mwingine analia, mkewe akichungulia dirishani kujua nani ameumia.

"Uliilowesha?" akauliza alipopata pumzi.

"Hapana, Mzee."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa nzuri sana."

Akaokota kisu, akakifuta. Hakuwa anacheka tena. "Mufereji iko na kosa yake," akasema. "Weye uko na yako. Mufereji ishajionyesha. Sasa weye?" Kisha akanipa kiazi na kisu cha pili, kwa sababu hakuwahi kuvumilia kuona mikono ya mtu imekaa bure.

Kesho yake nilienda kwa Mwalimu Imakulata peke yangu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, na sentensi ya kwanza ilinipotea mlangoni. Nikamwambia tu: kifusi kilishindiliwa kikiwa kikavu mno, nilipaswa kukijaribu kwa maji, sikukijaribu, na nilitia saini. Lazima tuvunje sakafu.

Aliweka kalamu juu ya daftari lake. "Na mfereji?"

"Mfereji pia. Lakini mfereji haukutia saini."

"Kwa hiyo ungeweza kukaa kimya."

"Nilikaa kimya tangu jana mchana, Mwalimu. Sikulala vizuri."

Aliinuka, akafunga daftari lake. Nilidhani ananitoa. "Watoto nitawahamishia ukumbi wa parokia," akasema. "Na wewe utakuja hapa kila siku mpaka sakafu iishe. Nitakuandika kwenye daftari la mahudhurio." Na aliniandika, kati ya Mugisha na Mwiza, na siku niliyochelewa aliniwekea alama nyekundu.

Faustin alikasirika siku moja. Siku ya pili alikuja na buti. Kuhusu yeye nasema hivi: jina lake halikuwa kwenye ile karatasi, langu ndilo lilikuwepo, na angeweza kubaki ofisini. Tulivunja sakafu, tukachimba kifusi chote hadi kwenye ardhi ya asili, tukakivunjavunja mabonge. Tukanyunyiza maji kidogo kidogo, tukachanganya, tukafunika kwa turubai hadi kesho yake ili unyevu uenee hadi ndani ya kila bonge, maana mfinyanzi unaweza kuwa umelowa usoni na mkavu moyoni. Karoli aliyarudia matabaka membamba na rola lake lenye meno, na safari hii tulikaa upande wa maji, kidogo tu kupita kilele. Pale udongo hauna ugumu wa kujivunia, lakini umetulia, umefunga vinjia vyake, hauna kiu na hauvunjiki ovyo. Kwa sakafu ya chekechea sikuhitaji udongo wa kushinda mashindano. Nilihitaji udongo usiobadilika.

Karoli aliipima kwa macho ile kazi, akakuna kichwa. "Mama, zamani iko ngumu kuliko hii."

"Ndiyo, Karoli."

"Na hii ndiyo nzuri?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Mimi na Lola tunaendesha tu."

Niliziloweka sampuli siku nne. Kila asubuhi Faustin alikuja kuchungulia kwenye ndoo kama mtu anayengoja kuku aangue, na kila asubuhi nilimwambia toka. Siku ya tano tulizipima. Zilikuwa zimevimba unywele tu, na nguvu yake haikuwa ya kuimbiwa, lakini ilitosha, na ilibaki ilivyokuwa. Sakafu ikamwagwa upya. Mfereji ukatengenezwa. Mwalimu Imakulata alikataa kuwarudisha watoto hadi mvua ipite juu ya bati na aone kwa macho yake.

Ikapita. Vuli ile ilinyesha hadi barabara za Nyabugogo zikawa mito, na kila kulipopambazuka nilijikuta nimesimama kwenye lile darasa tupu na uzi wa fundi, naunyoosha kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu haikuinuka hata kwa unene wa sarafu. Siku mawingu yalipoachana, Mwalimu Imakulata aliwaleta watoto wake wote kwa mstari kutoka parokia, akaniuliza mbele ya Faustin kama kipimo kimekwisha.

Nakiri hapa ndipo shetani aliponipitia. Nilikuwa nimebeba ule mzigo miezi mingi, na sasa ulikuwa umeshuka, na Faustin alikuwa amesimama pale na tai yake.

"Kimebaki kimoja," nikasema kwa uso mkavu. "Kipimo cha mruko. Watoto wote wanavua viatu, wanaruka mara kumi kwa pamoja. Na kanuni inataka mhandisi mmoja aruke nao."

Faustin alinigeukia polepole. Alijua vitabu vyote, na alijua hakuna kitabu chenye kipimo hicho. Lakini watoto walikuwa wameshavua viatu. Wanamtazama yeye.

"Mhandisi," akasema Mwalimu Imakulata kwa sauti yake ile ya chini, "tunakungoja."

Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na mtoto mmoja alilitangaza. Akaingia katikati, Mwalimu akahesabu kwa Kinyarwanda, rimwe, kabiri, gatatu, na wote wakaruka, na tai ya buluu ikaruka, na hadi mara ya nne hakuna aliyekuwa anahesabu tena, walikuwa wanapiga kelele tu. Sakafu ilikaa kimya chini yao kama haipo.

Faustin ni mtu wa taratibu, kwa hiyo aliandika ripoti. Ipo kabatini, mkitaka mtaikuta. Chini ya matokeo yote ya maabara aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: "Sakafu imerukiwa na watoto arobaini na mmoja pamoja na mhandisi mmoja, bila mabadiliko." Mkuu wa idara aliirudisha baada ya siku mbili, imepitishwa, na swali moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mhandisi yupi?"